Kilatini Chini ya Mlima Meru: Somo Lililokaa Nje ya Shule

Kijana wa Arusha anayetaka kujifunza Kilatini hakikuti kwenye ratiba ya shule yake. Sekondari za jiji na za wilaya zinazouzunguka Mlima Meru hufundisha Kiswahili na Kiingereza. Baadhi huongeza Kifaransa, Kiarabu au Kichina, na orodha huishia hapo. Hata hivyo Kilatini si mgeni katika eneo hili. Kimeimbwa makanisani, kimesomwa kambini kwa wakimbizi, kimetajwa mahakamani, na kimeandikwa kwenye vibandiko vya mimea iliyokaushwa. Kilikaa pale tu palipokuwa na kazi ya kukifanyia, na aliyekitaka alilazimika kukifuata huko huko. Hali hiyo haijabadilika sana hadi leo.

Chanzo chake ni namna wamisionari walivyogawana milima miwili, Meru na Kilimanjaro. Waliotangulia kujaribu kukaa Meru walikuwa Walutheri wa Leipzig. Wawili wao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri mwezi Oktoba 1896, na jeshi la Wajerumani likalipiza kisasi kwa ukatili mkubwa juu ya Wameru na Waarusha. Boma la Arusha lilijengwa mwaka 1900. Walutheri wakarudi baada ya hapo, wakaanzisha kituo cha Nkoaranga mwaka 1902 na cha Ilboru mwaka 1904. Kanisa lililotangulia kushika miteremko ya Meru likawa lile ambalo, tangu enzi za Martin Luther, limeshikilia kwamba muumini aabudu kwa lugha anayoielewa. Kwa Mlutheri wa Nkoaranga, Kilatini hakikuwa na kazi yoyote. Hata chuo cha teolojia kilichoanzia Lwandai, Lushoto, mwaka 1947 kilipohamishiwa Makumira, karibu na Arusha, mwaka 1954, lugha za kale zilizokuwa na uzito kwa wachungaji wake zilikuwa Kigiriki na Kiebrania, yaani lugha za Biblia yenyewe.

Wakatoliki walishika upande wa pili. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa Bagamoyo tangu 1868, walifika Kilema mwaka 1890 na Kibosho mwaka 1893. Vikarieti ya Kilimanjaro iliundwa mwaka 1910, ikawa jimbo la Moshi mwaka 1953, na Arusha haikupata jimbo lake hadi 1963. Kwa zaidi ya nusu karne, basi, Mkatoliki wa Arusha aliyetaka elimu ya kanisa aliangalia mashariki, kwenye vihamba vya Wachaga. Ramani hiyo ya madhehebu ndiyo iliyoamua nani atasikia Kilatini na nani hatakisikia. Uwezo wa watoto au hamu ya wazazi haikuulizwa.

Waliokisikia walianza nacho altareni. Misa yote ilisomwa kwa Kilatini, huku mahubiri na katekisimu vikiwa kwa Kiswahili au lugha ya mahali. Mtumikiaji mdogo alikariri majibu ya padri neno kwa neno, akajua pa kujibu muda mrefu kabla ya kujua anajibu nini. Wanakwaya walijifunza nyimbo za Kigregori: Gloria, Credo, Sanctus, pamoja na Kyrie, ambayo kwa kweli ni Kigiriki. Huo ulikuwa ujuzi wa sikio na ulimi. Sarufi ilikuwa ya wachache waliopelekwa seminari.

Seminari ndogo ndiyo iliyokuwa darasa halisi la Kilatini katika Afrika Mashariki. Mapadre Weupe, shirika la kimisionari, walifungua ile ya Rubya, Bukoba, mwaka 1904, na mwaka 1917 Tanganyika ikapata mapadre wake wa kwanza Waafrika. Upande wa kaskazini seminari ziliota Kilimanjaro. Ya Mtakatifu James, Kilema Chini, ipo hadi sasa. Kilatini hakikuwekwa kuwa pambo la msomi. Vitabu vya falsafa na teolojia katika seminari kuu viliandikwa kwa Kilatini, sheria za Kanisa zilikuwa kwa Kilatini, na padri alitakiwa kusali sala zake za kila siku kwa lugha hiyo maisha yake yote. Mvulana aliyeshindwa kukimudu hakuweza kwenda mbele, hata kama alikuwa mcha Mungu kuliko wenzake wote. Kwa hiyo alikutana nacho mapema, kila wiki, kwa miaka mingi, na mwalimu asiye na haraka. Hakuna utaratibu mwingine katika nchi hii uliowahi kuwapa vijana muda mrefu namna hiyo na lugha isiyozungumzwa sokoni.

Kwa msemaji wa Kiswahili lugha hiyo ina milango miwili iliyo wazi na mmoja uliofungwa. Wazi ni matamshi: irabu tano za Kilatini cha Kanisa hutamkwa karibu sawa na za Kiswahili, na mtoto wa Kitanzania husoma ukurasa kwa sauti safi kuliko mtoto wa Kiingereza. Wazi pia ni upatanisho. Anayesema mti mrefu umeanguka, miti mirefu imeanguka, haoni ajabu kuambiwa kwamba Mrumi alisema arbor alta cecidit, arbores altae ceciderunt, nomino ikiburuta kivumishi na kitenzi nyuma yake. Kitenzi cha Kilatini nacho hubeba mtenda na wakati ndani ya neno moja: amabo ni nitapenda, bila kiwakilishi cha pembeni. Mlango uliofungwa ni ule wa miisho ya nomino. Kiswahili hutegemea mpangilio wa maneno. Ukigeuza Petro anamwona Paulo, anayeona anakuwa mwingine. Kwa Kilatini Petrus Paulum videt na Paulum Petrus videt ni habari ile ile, kwa sababu mwisho wa jina ndio unaoonyesha nani anatenda na nani anatendwa. Miisho hiyo ina hali sita, umoja na wingi, katika makundi matano ya nomino, na hakuna njia ya mkato. Majedwali hukaririwa.

Wengi walioingia seminari ndogo hawakuwa mapadre. Walitoka na kuwa walimu, makarani, mahakimu na wanasiasa. Marais wawili wa Tanzania walipita katika shule za aina hiyo: Benjamin Mkapa alisoma Kigonsera, na John Magufuli alisoma Katoke, Biharamulo.

Kwenye ardhi ya Meru yenyewe, hata hivyo, kisa kikubwa cha Kilatini hakikuletwa na wamisionari. Kililetwa na vita. Mwaka 1940 na 1941 serikali ya Kisovieti iliwahamisha kwa nguvu mamia ya maelfu ya watu kutoka mashariki ya Poland na kuwatupa Siberia na Kazakhstan. Baada ya makubaliano ya Julai 1941 kati ya serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni na Moscow, waliosalia waliruhusiwa kuondoka, na mwaka 1942 makumi ya maelfu walivuka kuingia Iran pamoja na jeshi la Jenerali Władysław Anders. Wanaume wenye nguvu walikwenda vitani. Wanawake, watoto na wazee walisambazwa katika makoloni ya Uingereza, na kundi kubwa likapelekwa Afrika ya Mashariki. Tengeru, mashariki kidogo ya mji wa Arusha, ilipokea watu wapatao 5,000, ikawa kambi kubwa kuliko zote za Wapolandi barani.

Waliishi katika vijumba vya duara vilivyoezekwa kwa nyasi, wakalima, wakafuma, wakafungua hospitali. Walikuwa na kanisa Katoliki, kanisa la Kiorthodoksi na sinagogi. Zaidi ya yote walifungua shule, kwa sababu nusu ya kambi ilikuwa watoto waliokwisha kupoteza miaka ya masomo katika baridi ya Siberia: shule za msingi, shule ya ufundi, gimnasia na lisiamu. Masomo yalifuata mtaala wa nyumbani, na gimnasia ya jumla ya Poland, kwa mageuzi ya elimu ya mwaka 1932, ilikuwa na Kilatini. Shule hizo ziliendeshwa kwa imani kwamba vita vitakwisha na watoto watarudi kumalizia masomo Warsaw au Lwów. Kuacha somo moja lingekuwa kukiri kwamba hakuna kurudi. Wengi kweli hawakurudi. Lwów iliingizwa katika Umoja wa Kisovieti, Poland ikawa chini ya utawala wa kikomunisti, na vijana wa Tengeru wakatawanyika Uingereza, Kanada na Australia. Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Makaburi yao yamebaki Tengeru, ndani ya eneo la chuo cha mifugo, na yanatunzwa.

Kwa historia ya elimu ya Arusha kambi hiyo ni jambo la ajabu. Ilikuwa shule ya sekondari ya mtindo wa Ulaya, yenye lugha za kale, katikati ya mashamba ya kahawa na migomba ya Wameru, wakati ambapo Mmeru aliyemaliza darasa la nane alihesabiwa msomi. Ilifungwa kwa jirani zake. Haikuwa na nia mbaya. Lugha ya kufundishia ilikuwa Kipolandi na lengo lake lilikuwa Poland. Lakini matokeo ni kwamba ilipoondoka haikuacha nyuma hata mwanafunzi mmoja wa mahali.

Watoto wa walowezi nao walikuwa na njia yao. Arusha School ilifunguliwa mwaka 1934 kuwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, na aliyemaliza hapo alipelekwa kwenye sekondari za mtindo wa Kiingereza: Prince of Wales ya Nairobi, iliyofunguliwa 1931, au Uingereza kwenyewe, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 St Michael's and St George's ya Iringa, ambayo baadaye iligeuka kuwa Mkwawa. Kilatini kilikuwa na faida ya wazi kwa watoto hao: vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge vilikidai kwa kila aliyeomba kuingia hadi karibu na mwaka 1960. Masharti hayo yalipofutwa, sababu nayo ikafutika, na somo likaanza kupungua huko Uingereza na kote lilikokuwa limepelekwa.

Kanisa lilifuata muda mfupi baadaye, kwa mwendo wa kushangaza. Tarehe 22 Februari 1962 Papa Yohane wa XXIII alitoa hati, Veterum Sapientia, akiagiza seminari zikaze Kilatini na masomo makuu yafundishwe kwa lugha hiyo. Ilikuwa kama kuongeza kuni kwenye moto unaozimika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifunguliwa Oktoba mwaka huo huo, na tarehe 4 Desemba 1963 ukapitisha hati ya liturujia iliyofungua mlango kwa lugha za watu. Jimbo la Arusha lilikuwa limeundwa tarehe 1 Machi 1963, likiwa chini ya askofu Dennis Durning, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu. Jimbo hilo lilizaliwa katika mwaka ule ule Kilatini kilipoanza kuondoka altareni, na miaka michache baadaye misa ilikuwa ya Kiswahili kila mahali. Mmoja wa mapadre wake, Vincent Donovan, alikwenda mbali zaidi: huko Loliondo aliwafundisha Wamasai imani kwa lugha na desturi zao wenyewe, na kitabu alichokiandika juu ya kazi hiyo mwaka 1978 bado kinasomwa katika vyuo vya teolojia duniani. Jimbo la Arusha, kwa hiyo, halikuwahi kuwa na kizazi kizima cha waumini waliokua na misa ya Kilatini. Mzee wa Kilema anaweza kuikumbuka; wa Arusha anayeikumbuka aghalabu aliipata mahali pengine.

Kwenye siasa ya elimu mji huu ulitoa jina lake kwa uamuzi uliofuata. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na mwezi Machi Julius Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, waraka uliokosoa shule zinazowatoa watoto vijijini na kuwalisha mambo yasiyohusu maisha yao. Sheria ya Elimu ya 1969 ikazichukua shule za misheni. Seminari ziliachwa mikononi mwa Kanisa kwa kuwa ziliandaa mapadre, na humo Kilatini kikapona. Somo lililokuwa la wateule kwa sababu ya mitihani ya Uingereza sasa likabaki la wateule kwa sababu ya sheria ya Tanzania.

Jirani wa kusini alichagua kinyume. Hastings Kamuzu Banda wa Malawi alifungua Kamuzu Academy huko Kasungu mwaka 1981, akafanya Kilatini na Kigiriki vya lazima kwa kila mwanafunzi, kwa kuamini kwamba asiyevijua hajaelimika. Banda na Nyerere wote wawili walisoma Edinburgh. Mmoja alirudi na sarufi ya Kirumi. Mwingine alirudi na Shakespeare, akatafsiri Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka 1963, akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Watanzania wengi wameijua Roma kupitia tafsiri hiyo. Kati ya njia hizo mbili, ya Nyerere iliwafikia watu wengi zaidi, ingawa iliwafikisha Roma kwa kupitia London.

Kilichorudisha Kilatini mjini Arusha ni sheria. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda tarehe 8 Novemba 1994, na Februari 1995 likaamua makao yake yawe Arusha. Kwa miaka mingi kesi zake zilisikilizwa katika majengo ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha, AICC. Lugha rasmi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa, na majaji na mawakili walitoka katika mifumo miwili ya sheria isiyofanana. Maneno ya Kilatini yakawa mahali pa kukutania, kwa kuwa kila upande uliyajua. Hukumu ya Jean-Paul Akayesu ya tarehe 2 Septemba 1998, ya kwanza duniani ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, iliyatofautisha mauaji hayo na makosa mengine kwa dolus specialis, nia mahususi ya kuangamiza kundi. Mahakama hiyo ilifungwa mwishoni mwa 2015, lakini jiji tayari lilikuwa na Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoanza 2001, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyohamia 2007. Wakili wa kawaida wa Arusha naye hawezi kukwepa: kifungu cha 9 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai kinahusu res judicata, yaani shauri lililokwisha kuamuliwa lisifunguliwe tena. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na istilahi hizo sasa zinatafutiwa Kiswahili chake.

Kilatini cha namna hiyo ni cha vipande. Mwanafunzi wa sheria hukariri mafungu ya maneno bila kujua kuunda sentensi, na daktari anayeandika bd au tds kwenye karatasi ya dawa hafikirii kwamba ameandika Kilatini. Ndivyo ilivyo pia kwa waongoza watalii, ambao Arusha inao wengi kuliko mji mwingine wowote nchini. Chuo cha Mweka kimefundisha uhifadhi wa wanyamapori tangu 1963, na anayejiandaa kwa kazi hiyo hujua kwamba simba ni Panthera leo na duma ni Acinonyx jubatus. Mtalii makini akiuliza, jibu liwepo.

Kwa mimea jambo lilikuwa zito zaidi. Hifadhi ya Taifa ya mimea iliyokaushwa ipo Arusha, katika iliyokuwa Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu vya Ukanda wa Kitropiki, TPRI, ambayo siku hizi ni sehemu ya mamlaka ya afya ya mimea. Kuanzia 1935 hadi mwisho wa 2011 kanuni za kimataifa hazikutambua spishi mpya ya mmea mpaka maelezo yake yaandikwe kwa Kilatini. Mtafiti aliyepata mmea mpya kwenye msitu wa Meru alilazimika kujua lugha hiyo au kumtafuta anayeijua. Tangu 2012 Kiingereza kinakubalika pia, ingawa jina lenyewe lazima liwe na umbo la Kilatini: kivumbasi kimoja cha huku kinaitwa Ocimum kilimandscharicum, jina alilokipa Mjerumani katika miaka ya 1890 kwa tahajia ya kwao.

Kijana anayetaka lugha nzima ana njia chache, na zote zinafuata nyayo za zamani. Seminari Katoliki ya Arusha, iliyopo Oldonyo Sambu kwenye barabara ya Namanga, ni ya wavulana wanaofikiria upadre. Msichana hana nafasi humo, na huu ndio upungufu mkubwa wa historia yote hii. Shule za kimataifa zinazofuata mtaala wa International Baccalaureate zina somo hilo katika orodha ya mfumo wao, lakini kuwamo katika orodha si kuwa na mwalimu. Vitabu vipo, na cha Hans Ørberg, Mdenmarki, kinafaa kwa anayejisomea kwa sababu kimeandikwa kwa Kilatini kitupu kutoka ukurasa wa kwanza na hakidai Kiingereza. Duolingo ilianzisha masomo ya Kilatini mwaka 2019, mafupi na yasiyotosha, na mwaka huo huo Redio Vatikani ilianza kutoa taarifa ya habari ya kila wiki kwa lugha hiyo.

Mwalimu, hata hivyo, hayuko mbali kama inavyodhaniwa. Kanuni ya 249 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka waseminari wakijue Kilatini vizuri, na katika mtaa wa Njiro, Arusha, peke yake kuna seminari ya Shirika la Roho Mtakatifu. Padri wa parokia aliyepita seminari ndogo aliwahi kukaa darasani na majedwali yale yale. Mzazi mwenye mtoto anayetaka kujaribu na aanzie ofisi ya parokia, akiwa na kitabu mkononi, akaombe saa moja kwa wiki wakati wa likizo.